Ua refu lenye majani kama ya mgagani lakini lina miiba: ni mmea gani?

Mlima Maua, Lushoto

Habari zenu ndugu zangu mnaopenda bustani. Ninaomba msaada wa kuutambua mmea mmoja ulioota nyumbani kwangu, ambao ulianza kwa kuzua ubishi wa jikoni na sasa ubishi huo umevuka uzio na kufika kwa majirani. Simu yangu haipigi picha nzuri za vitu vidogo, hivyo nitaueleza kwa maneno, na nimeutazama kwa siku tatu mfululizo kabla ya kuandika ili nisimpotoshe atakayetaka kunisaidia.

Mbegu aliniletea dada yangu anayeishi Ujerumani, zikiwa ndani ya pakiti moja ya maua mchanganyiko. Nilizisia mwanzoni mwa mvua za vuli, na pakiti yenyewe haipo tena. Mengi yaliyoota niliyafahamu, kama zinia na alizeti fupi, lakini miche sita iliyoota upande wa ukuta ilifanana mno na mgagani. Mama mkwe wangu, ambaye amelima mboga za majani maisha yake yote, aliitazama akaniambia nisiing'oe, kwa kuwa mgagani ukijiotea wenyewe ni zawadi. Nikaiacha, na kadiri ilivyokua ndivyo nilivyozidi kutilia shaka.

Leo mmea mrefu kuliko yote una sentimeta 160 kutoka ardhini hadi ncha ya ua. Nimeupima kwa utepe wa fundi cherehani. Shina ni moja, limenyooka, la kijani, na limejaa vinyweleo vinavyonata, kiasi kwamba ukilishika mkono unabaki na utelezi kama wa gundi na harufu kali isiyoondoka kwa maji matupu. Kila jani limegawanyika kama kiganja kilichokunjuliwa: vidole vitano kwenye majani ya juu, saba kwenye yale makubwa ya chini, vyote vikianzia mahali pamoja kwenye ncha ya kikonyo kirefu, na kidole cha kati ndicho kirefu zaidi. Pale kikonyo kinaposhikana na shina pana miiba miwili mifupi, mmoja kila upande. Ni midogo sana, lakini inachoma kwelikweli.

Maua yapo kileleni peke yake, yamekusanyika katika shada moja kubwa lenye upana wa kiganja. Kila ua lina petali nne, na kila petali ni nyembamba chini kama mpini wa kijiko kisha inapanuka juu. Kutoka katikati zinatoka nyuzi sita ndefu za zambarau ambazo zinapita mbali nje ya petali. Rangi yake inanishangaza: jioni maua mapya hufunguka yakiwa ya waridi iliyokolea, na kesho yake mchana yale yale huwa yamepauka hadi kukaribia weupe, hivyo shada lina rangi mbili kwa wakati mmoja. Chini ya shada, maua yaliyokwisha kuanguka yameacha maganda membamba kama ya choroko changa, kila ganda likiwa limeshikwa na kijiti kirefu na kusimama mbali na shina.

Maswali yangu ni matatu. Kwanza, je, huu ni mgagani wa aina nyingine au ni mmea tofauti kabisa? Pili, mama mkwe anataka kuchuma majani machanga apike. Je, kuna hatari? Tatu, na hili ndilo linaloninyima usingizi, jirani mmoja aliyepita njiani alisimama akayatazama majani na kusema kwa sauti kwamba nimepanda bangi. Ninaishi vizuri na watu hapa na nisingependa maneno hayo yafike mbali. Naomba anayefahamu anieleze kwa alama ambazo ninaweza kumwonyesha mtu kwa kidole.

Mkulima wa Vuli, Morogoro

Dada, pole kwa usumbufu. Kwa maelezo yako ninaona huo ni mgagani tu, ila ni ule wa porini. Mboga nyingi za kienyeji zina ndugu zao wa porini ambao ni warefu zaidi, wana harufu kali zaidi na wakati mwingine huwa na miiba. Mnavu unao wenzake, mchicha unao mchicha wa miiba, na mchicha huo wa miiba watu huula ukiwa mchanga. Mimi ningechuma majani ya juu kabisa, nikachemsha na kumwaga maji ya kwanza, halafu nikaunga kwa karanga. Vidole vitano kwenye jani, harufu, kunata, petali nne, nyuzi sita, maganda membamba: vyote hivyo ni vya mgagani.

Mboga za Nyumbani, Kisii

Ninamheshimu ndugu wa Morogoro, lakini ninamwomba dada wa Lushoto asipike chochote mpaka jambo hili liishe. Kwetu mgagani tunauita chinsaga, na nimeuchuma kwa mkono wangu kwa zaidi ya miaka 20, asubuhi kwa asubuhi, wa kuuza na wa kula. Nimeuchuma ukiwa na shina la kijani na ukiwa na shina la zambarau, ukiwa mchanga na ukiwa umezeeka na kuanza kutoa mbegu. Sijawahi kuchomwa na mwiba wa chinsaga hata siku moja, kwa sababu hauna mwiba. Shina lake lina vinyweleo, ni kweli, na linanata, lakini unaweza kulikwanyua majani kuanzia chini hadi juu bila kuangalia mkono unapita wapi. Mtu akiniambia ana chinsaga chenye miiba miwili kila kwenye kikonyo, jibu langu ni kwamba ana mmea mwingine.

Mfano wa mchicha una mantiki, ila mchicha wa miiba nao ni mmea mwingine wenye jina lake, si mchicha uliobadilika tabia. Anayeula anaujua kwamba ndio huo. Hapa hatujajua bado tunatazama nini.

Kuna jambo la pili lililonishtua katika maelezo yako, dada, nalo ni ukubwa wa ua. Ua la chinsaga ni dogo. Petali yake kwa kawaida haizidi sana sentimeta moja, na rangi yake ni nyeupe, pengine yenye wekundu au zambarau kwa mbali. Wewe unaeleza shada la upana wa kiganja lenye rangi ya waridi ambalo mtu analiona akiwa njiani. Chinsaga hakipandwi mbele ya nyumba ili wageni wakisifie. Tunakipanda nyuma, na maua tunayakata mapema ili kiendelee kutoa majani.

Naomba utusaidie kwa jambo moja. Chukua ua moja lililofunguka vizuri, litazame kwa ubavu, na utuambie zile nyuzi sita zinaanzia wapi: zinaanzia chini kabisa pale petali zinapoanzia, au zinaanzia juu zaidi, katikati ya kijiti kinachobeba ganda changa?

Mwalimu wa Sayansi, Iringa

Nitajibu lile la bangi peke yake, kwa sababu ndilo linaloweza kumletea dada yetu matatizo, na kwa bahati ndilo rahisi kuliko yote.

Jani la bangi limegawanyika kama kiganja, na hapo ndipo kufanana kunapoishia. Kila kidole cha jani la bangi kina meno makubwa kwenye ukingo wake, kama msumeno, kuanzia karibu na chini hadi ncha, na meno hayo yanaonekana hata ukiwa umesimama mbali. Ukingo wa jani la mmea wako, kama ni mmea ninaoudhani, utakuwa laini kwa macho, na pengine utaona vijino vidogo mno ukilisogeza karibu na jicho. Bangi haina miiba popote. Majani yake ya chini hukaa mawili mawili yakielekeana kwenye shina, ilhali katika mmea wako utaona kila jani limetoka peke yake, moja upande huu na jingine juu kidogo upande mwingine.

Alama inayomaliza ubishi ni ua. Bangi haina petali. Maua yake ni madogo, ya kijani kibichi au ya rangi ya majani makavu, na ya kiume na ya kike kwa kawaida huwa kwenye mimea tofauti. Hakuna bangi yenye ua la waridi la petali nne, wala hakuna bangi yenye maganda marefu yaliyoning'inia kwenye vijiti, kwani tunda lake ni punje moja ngumu.

Ushauri wangu ni kwamba usisubiri maneno yazunguke. Sheria yetu ya mwaka 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya ni kali kwa anayelima bangi, na mwenyekiti wa kitongoji akisikia uvumi ana wajibu wa kuufuatilia. Mwite wewe mwenyewe, akiwepo pia yule jirani, uwaonyeshe miiba na ua. Mtu akishaguswa na mwiba ule hatausahau.

Mlima Maua, Lushoto

Asanteni sana, na ninawashukuru kwa kunitaka nitazame badala ya kubahatisha. Mwalimu, majani yanatoka moja moja kama ulivyosema, na ukingo wake hauna meno ya kuonekana. Nimemwita mwenyekiti kwa kesho jioni.

Dada wa Kisii, nimechukua ua nikalilaza kwenye sahani nyeupe na kuondoa petali moja baada ya nyingine. Nyuzi sita zote zinaanzia chini kabisa, pale pale petali zilipokuwa zimeshikilia, na zinasimama zenyewe. Kile kijiti cha katikati chenye ganda changa nacho kinaanzia hapo hapo lakini kinakwenda peke yake. Hakuna uzi hata mmoja uliotoka ubavuni mwake. Naomba mnieleze hilo lina maana gani.

Kuna jambo jingine niliona nikiwa hapo. Kwenye shina, chini ya shada, maganda hayakupangika sawasawa. Kuna sehemu yenye maganda kama kumi hivi, kisha sehemu tupu yenye vikonyo vilivyokauka tu, kisha maganda tena. Nilidhani ni wadudu wamekula, lakini mimea yote sita iko hivyo.

Bibi Shamba Mstaafu, Arusha

Mwanangu wa Lushoto, umefanya kazi nzuri pale kwenye sahani, na kwa maelezo hayo sina tena shaka. Mmea wako ni ua la bustani ambalo jina lake la kisayansi ni Cleome hassleriana, na katika vitabu vya karibuni utalikuta pia kwa jina la Tarenaya hassleriana. Wajerumani huliita Spinnenblume, yaani ua la buibui, kwa sababu ya zile nyuzi ndefu na maganda yaliyosimama kama miguu, na sioni kwa nini sisi tusiliite hivyo pia. Asili yake ni kusini mwa Amerika ya Kusini, katika nchi kama Argentina, Paragwai na sehemu za Brazili. Jina hassleriana ni la heshima kwa Emil Hassler, daktari wa Uswisi aliyekusanya mimea mingi Paragwai, na aliyelitoa ni mtaalamu wa mimea Robert Chodat wa Geneva mwaka 1898. Ukikuta pakiti za mbegu zimeandikwa Cleome spinosa, mara nyingi ndani yake ni ua hili hili, ingawa spinosa halisi ni mmea mwingine. Ni mmea wa msimu mmoja: unaota, unachanua, unazaa na kufa, na kimo cha mita moja hadi moja na nusu ni cha kawaida kwake, kwenye udongo wenye rutuba kama wa kwenu ukizidi hapo.

Sasa nieleze kwa nini dada wa Kisii alikuuliza kuhusu nyuzi, kwa sababu swali lile lilikuwa limelenga penyewe. Nyuzi zile ni stameni, yaani viungo vya kiume vinavyobeba chavua. Katika mgagani, kutoka kwenye kitako cha ua hupanda kijiti kimoja, na stameni hazianzii chini bali hupanda pamoja na kijiti hicho zikiwa zimeungana nacho, kisha huachana nacho karibu na katikati na kutawanyika, huku kijiti kikiendelea juu kubeba ovari itakayokuwa ganda. Mtaalamu wa mimea Linnaeus alipoupa mgagani jina la Cleome gynandra mwaka 1753 alikuwa akilitazama jambo hilo hilo, kwa maana gynandra ni neno la Kigiriki linalounganisha mwanamke na mwanamume: kiungo cha kiume kimebebwa na nguzo ya kiungo cha kike. Leo wataalamu wengi wameutenga mgagani katika jenasi yake (yaani kundi la mimea yenye undugu wa karibu), Gynandropsis. Ua lako halina muungano huo. Stameni zimesimama kwenye kitako, na kijiti cha ovari kimesimama peke yake.

Alama hii ina faida kubwa kwamba haipotei hata ua likishaanguka. Chukua ganda lililokomaa pamoja na kijiti chake chote hadi kwenye shina, ukipitishe polepole kati ya vidole. Kwenye mgagani utahisi vifundo viwili: cha kwanza ni pale petali zilipokuwa, cha pili ni juu zaidi pale stameni zilipoachana na kijiti. Kwenye ua lako utahisi kifundo kimoja tu. Nimewafundisha vijana wengi kwa njia hii, na hata mwenye macho dhaifu anaweza kuitumia.

Kuna alama nyingine ambayo hakuna aliyeitaja. Tazama vijani vidogo vilivyo chini ya kila ua, mle ndani ya shada. Kwenye ua la buibui kila kimoja ni jani zima lenye umbo la yai au moyo, halina vidole. Kwenye mgagani vijani hivyo bado vina vidole vitatu. Hii unaweza kuiona bila kung'oa kitu.

Kuhusu sehemu tupu kwenye shina, usiwasingizie wadudu. Ua la buibui lina tabia ya kutoa maua kwa zamu: kundi moja la maua huwa na ovari kamili inayoweza kuzaa, kundi linalofuata huwa na ovari iliyodumaa na hutoa chavua tu, kisha linarudi tena kundi la kuzaa. Kwa hiyo shina linakuwa na mikanda ya maganda na mikanda mitupu, kama ulivyoona. Nimefurahi kwamba uliyaona hayo kwa macho yako kabla ya kuambiwa.

Hata kufunguka jioni kuna sababu. Maua yenye stameni ndefu namna hiyo yanayofunguka jua linapozama yanawangoja wageni wa usiku, kama nondo wakubwa. Kaa nje kidogo baada ya magharibi na utaona mwenyewe wanaofika.

Majani yanafanana kwa sababu mgagani na ua la buibui ni wa ukoo mmoja, Cleomaceae, na ukoo huo nao una undugu na ule wa kabichi na sukuma wiki. Ile harufu kali inatokana na kemikali zenye salfa zilizomo katika mimea ya undugu huo, ndiyo maana mgagani una uchungu. Kwa hiyo mama mkwe wako hakukosea kuona undugu. Alichokosea ni kudhani kwamba ndugu ni mtu yule yule. Mpe shikamoo yangu, na umwombe asipike. Ua hili limekuzwa kwa ajili ya kutazamwa, halikuchaguliwa kwa ajili ya chakula kizazi baada ya kizazi kama mgagani ulivyochaguliwa na bibi zetu, na mimi sioni sababu ya kulijaribu tumboni wakati mgagani wenyewe upo.

Mboga za Nyumbani, Kisii

Shikamoo Bibi, na asante. Sikujua kuhusu vifundo viwili, ingawa mkono wangu umevipitia mara nyingi. Nimetoka kuangalia kwenye chinsaga kilichobaki kwa ajili ya mbegu na ni kweli, kile cha juu ni kidogo lakini kinahisika.

Ninataka kumtahadharisha dada wa Lushoto kuhusu mbegu. Ikiwa una kitalu cha mgagani karibu, mbegu za mimea hii miwili zinaweza kukuchanganya, maana zote ni ndogo, za mviringo na za rangi nyeusi au kahawia iliyokoza. Miche nayo inafanana kabla miiba haijatokea. Mwaka ujao unaweza kumuuzia mtu mbegu za mboga akaota maua.

Mkulima wa Vuli, Morogoro

Ninaondoa ushauri wangu wa kwanza na ninamwomba radhi dada wa Lushoto, kwa kuwa ningeweza kumfanya alishe familia yake kitu kisicho mboga. Nilihesabu yale yanayofanana na kuyapita yale yasiyofanana, na mwiba ulikuwa umeshatajwa tangu mwanzo.

Nimekwenda shambani leo na kufanya kama Bibi alivyoelekeza. Mgagani wangu una vifundo viwili, una vijani vya vidole vitatu chini ya maua, na stameni zinatokea juu kwenye kijiti. Nina swali moja, Bibi. Je, ua la buibui likiwa jirani na mgagani, chavua yake haiwezi kuharibu mbegu za mgagani? Na je, kuna ua la buibui lisilo na miiba, ili mtu asije akatumia alama ya mwiba peke yake na kudanganyika?

Bibi Shamba Mstaafu, Arusha

Marahaba wanangu. Swali la miiba ni zuri mno. Ndiyo, wazalishaji wa maua wametoa aina mpya zisizo na miiba na zisizozaa mbegu, ambazo pia ni fupi na hazinuki sana. Siku moja mtu atakutana nayo kwenye kitalu cha mjini na kusema kwamba haina mwiba kwa hiyo ni mgagani. Ndiyo maana ninasisitiza kitako cha ua kuliko mwiba. Mwiba ukiwepo unakuambia kwamba huo si mgagani, lakini usipokuwepo haukuambii kitu mpaka utazame stameni.

Kuhusu chavua, mimea hii imo katika jenasi mbili tofauti, na hofu yenu isielekee kwa upepo wala nyuki bali kwa mikono yetu wakati wa kuvuna, kama dada wa Kisii alivyosema. Ganda la ua la buibui likikauka, pande zake mbili hubanduka na kuacha fremu nyembamba, na mbegu humwagika chini ya mmea. Msimu unaofuata miche huota kwa wingi bila kupandwa. Anayetaka kulidhibiti akate maganda yakiwa bado ya kijani, yakianza tu kugeuka manjano. Avae glovu, si kwa ajili ya miiba tu, bali pia kwa ajili ya ile gundi.

Kama kuna mtu bado ana shaka na mmea wake, hata baada ya haya yote, akaushe tawi moja lenye ua na ganda kati ya karatasi za gazeti, chini ya kitu kizito, kwa muda wa wiki moja hivi akibadilisha karatasi zinapolowa. Sampuli ya namna hiyo inaweza kutambuliwa na wataalamu wa hifadhi ya mimea iliyokaushwa, kama ile ya taifa iliyoko hapa Arusha au ile iliyoko Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi. Tawi lenye majani peke yake halitoshi.

Mlima Maua, Lushoto

Shikamoo Bibi, na asanteni wote. Mwenyekiti alikuja jana jioni, na yule jirani alikuja naye. Nilianza na miiba kama mwalimu alivyoshauri, kisha nikawaonyesha ua, kisha nikawapa ganda ili kila mmoja apitishe vidole kwenye kijiti chake na ahesabu vifundo. Jirani alihesabu kimoja, akahesabu tena, akaniomba radhi mbele ya mwenyekiti na kuniomba mbegu. Tulikuwa bado tumesimama pale maua mapya yalipoanza kufunguka, na kabla giza halijaingia sawasawa nondo mmoja mkubwa alifika, akasimama hewani mbele ya shada bila kutua, akaenda kwenye ua la pili na la tatu.

Mama mkwe ndiye aliyechelewa kukubali. Leo asubuhi nilimletea tawi la mgagani kutoka sokoni lenye maua, nikaweka pamoja na la kwetu kwenye sahani ile ile nyeupe. Aliyaondoa mapetali mwenyewe, taratibu, akanyamaza kwa muda. Kisha akasema mgagani amekuwa akiupika tangu akiwa msichana na hajawahi kuona kwamba una mlango wa pili juu ya ule wa kwanza. Nimeipenda namna alivyolisema.

Nimekata maganda yote ya mimea mitano yakiwa ya kijani. Mmea wa sita, ulio mbali na kitalu cha mboga, nimeuacha ukomae, na mbegu zake nitazitia kwenye bahasha ambayo mama mkwe ameshaiandika kwa herufi kubwa: UA, SI MBOGA.